Ukuta wa nje usiokusumbua: cha kununua Nairobi, kuanzia bora hadi cha kuepuka

Zile paneli za plastiki zinazofunika nyumba nyingi Marekani hukaa juu ya kuta za mbao, ambazo zikiachwa wazi huoza. Anayejenga Utawala au Ruaka mara nyingi ana ukuta wa mawe tayari, na wauzaji wa mapambo ya ukuta hawana haraka ya kumkumbusha. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya kitu cha kufunikia, amua kwanza kama kuna haja ya kufunika.

Orodha hii tumeipanga kwa kigezo kimoja: kazi na pesa ambazo ukuta utakudai ukishahamia. Uzuri wa siku ya kwanza hatukuupa alama. Karibu kila kitu hupendeza kabla ya masika ya kwanza.

1. Mawe yaachwe wazi, yapigwe kii

Kama bado hujajenga, hili ndilo chaguo letu bila kusita. Hakuna plasta ya kupasuka wala rangi ya kubambuka, na gharama ya kupiga kii, yaani kujaza simiti kwenye jointi za kati ya mawe, ni ndogo ukilinganisha na plasta pamoja na rangi.

Pesa unazookoa, weka sehemu yake kwenye jiwe lenyewe. Mawe ya mashine huuzwa kwa futi, na ukuta wa kozi (safu za mawe) za inchi 9 hula takriban futi 14 kwa kila mita mraba. Ongeza asilimia 5 hadi 10 ya kuvunjika. Kwa ukuta utakaoonekana, agiza mawe yote kutoka machimbo mamoja. Lori la pili likitoka kwingine, utauona mstari wa rangi hadi siku utakayohama. Kabla ya kulipa, chukua jiwe moja, lizamishe kwenye ndoo usiku kucha, kisha asubuhi sugua kona yake kwa kidole gumba na uikwaruze kwa msumari. Kona ikimeguka kama mchanga, jiwe hilo ni la kuta za ndani zitakazopigwa plasta.

Kii huharibiwa mapema, siku ileile ya kujenga. Fundi anatakiwa kukwangua jointi kina cha milimita 15 hadi 20 kabla simiti haijakauka. Akiiacha igande, baadaye atapaka simiti nyembamba juu tu, nayo itaanza kudondoka vipande vipande. Jointi ioshwe, iloweshwe, ijazwe mchanganyiko wa simiti 1 kwa mchanga 3 uliochekechwa vizuri, kisha ikandamizwe kwa chuma cha mviringo ili ibonyee kidogo kwa ndani. Kii iliyotokeza nje hupendwa kwa sura, lakini mgongo wake wa juu hushika maji. Simiti iliyochafua uso wa jiwe isuguliwe kwa brashi ngumu ikiwa bado haijashika sana. Kitambaa chenye maji huisambaza ndani ya vinyweleo vya jiwe na kuacha doa la kijivu lisilotoka. Halafu kii inyunyiziwe maji siku tatu au zaidi.

Mwagia ukuta maji kidogo. Yakinywewa papo hapo, jiwe linahitaji dawa ya kuzuia maji inayopenya ndani. Kwenye kopo utaona neno silane au siloxane. Usikubali vanishi. Vanishi hufunga uso kama nailoni, unyevu wa ndani ukikosa pa kutokea huisukuma, na baada ya misimu michache ukuta huwa na mabaka meupe yanayobambuka. Kuitoa kwenye jiwe ni kazi ya kulia.

2. Rangi ya chembechembe, au tairolin

Hili ni la nyumba ambayo tayari ina plasta. Mafundi wengi huiita Ruff n Tuff hata ndoo ikiwa ya kampuni nyingine. Ni rangi nzito yenye chembe za mawe, hupakwa kwa mwiko wa chuma na kusuguliwa kwa mwiko wa plastiki. Huficha nyufa nyembamba kama unywele na kasoro za plasta, na hukaa muda mrefu kuliko rangi laini.

Chembe za milimita 1.5 hadi 2 hutumia takriban kilo 2 hadi 3 kwa mita mraba. Zisizidi hapo, hasa kama unaishi kwenye vumbi la Ruai au Utawala, maana ukuta wenye meno makubwa hukusanya vumbi na mvua huligeuza michirizi. Hakikisha namba ya toleo iliyochapwa kwenye ndoo zote ni moja. Upande mmoja wa nyumba umalizwe kwa mkupuo mmoja, kona hadi kona. Fundi akisimama katikati kwenda kula, mpaka wa chakula cha mchana utabaki ukutani.

Tairolin, yaani simiti na mchanga mnene unaorushwa kwa mashine ya mkono tabaka mbili au tatu, ni ya bei nafuu zaidi na haihitaji rangi. Imepitwa na mitindo. Kwa ukuta wa nyuma au wa uzio hatuoni sababu ya kuikataa.

3. Mazeras na Galana, kwa sehemu tu

Mawe haya ya pwani ni mazuri na hayafifii. Tatizo ni uzito na jinsi yanavyobandikwa. Kipande cha unene wa milimita 25 huweka kilo 55 hadi 60 kwenye kila mita mraba, na uzito huo wote unaning'inia kwenye gundi. Ndiyo maana tunashauri uyaweke kwenye mkanda wa chini wa nyumba, nguzo za baraza na ukuta wa geti, si gorofa nzima.

Ukuta upigwe plasta ya 1 kwa 3 isiyolainishwa, uchanwe kwa kichana ikiwa mbichi, uachwe angalau siku saba. Mgongo wa kila jiwe uoshwe kwa brashi, kwa kuwa vumbi la msumeno huyafanya mawe yaanguke. Gundi ya vigae ya nje ipakwe mgongo mzima. Ukiona fundi anaweka mabonge matano kama vitumbua, msimamishe hapo hapo: nafasi kati ya mabonge hujaa maji. Anza chini, panda si zaidi ya mita moja kwa siku, na juu ya mita 3 dai waya au pini za chuma zilizoshikizwa ukutani. Pale jiwe linapokutana na nguzo ya zege, acha nafasi na uijaze silikoni ya nje, kwa sababu vitu hivyo viwili havitanuki sawa.

Usibandike juu ya rangi. Gundi itashika rangi vizuri sana, kisha rangi iachane na ukuta.

Baada ya wiki mbili gonga kila jiwe kwa mpini wa bisibisi. Linalotoa sauti tupu litolewe na kubandikwa upya kabla fundi hajalipwa. Chumvi nyeupe ikijitokeza, ipigwe brashi kavu kwanza. Asidi huchubua jiwe na kula kii.

4. Plasta na rangi laini ya nje

Wengi ndio wanayo, na si mbaya ukikubali kupaka upya kila miaka 4 hadi 6. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la mchana, hupauka kwanza.

Plasta iwe ya milimita 15, simiti 1 kwa mchanga 4, imwagiliwe siku 7, kisha isubiri hadi itimize siku 28. Simiti mbichi ina alkali inayounguza rangi, na maji yaliyomo huivimbisha. Kosa jingine ni filla ya ndani yenye jasi kutumiwa nje ili ukuta ung'ae. Jasi ikinywa mvua hulainika na kubanduka pamoja na rangi yote. Na simama karibu wakati rangi inafunguliwa: debe la lita 20 likiongezwa maji kupita kiasi litatosha nyumba nzima, lakini halitafika mwaka wa tatu.

5. Paneli

Paneli za saruji na nyuzi, unene wa milimita 8 hadi 10, zinafaa kwa ghorofa ya juu yenye fremu ya chuma au nyumba ya kontena. Zifungwe juu ya fremu ndogo ili hewa ipite nyuma, na kila ukingo uliokatwa upakwe rangi kabla ya kupandishwa, kwani hapo ndipo maji huingilia.

WPC, mchanganyiko wa unga wa mbao na plastiki, tunaiweka chini zaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, na jua hilo halina huruma kwa plastiki. Paneli nyingi za mifereji zinazouzwa mjini ni za ndani. Zikiwekwa nje hupauka na kupinda. Ukizitaka kwa lazima, nunua zile zenye ganda la plastiki pande zote, zifungwe kwa klipu, na uache nafasi ya milimita 5 hadi 8 kwenye miisho ya kutanukia. PVC ya dari usiipeleke nje hata siku moja. Mbao za saiprasi nazo zinahitaji mafuta kila mwaka na ulinzi dhidi ya mchwa, kwa hiyo hazina nafasi kwenye orodha ya watu wasiotaka usumbufu.

Maji kwanza

Chaguo lolote hapo juu litaaibika kama maji hayajaelekezwa. Paa litokeze angalau milimita 600 nje ya ukuta. Nyumba za paa la kuficha, ambalo ukuta hupanda juu na kulizunguka, hazina hilo, ndiyo maana huchakaa haraka. Kofia ya ukuta wa juu ilalie upande wa paa, itokeze milimita 40 hadi 50, na iwe na kijimfereji chini yake cha kudondoshea maji. Kingo za madirisha vilevile.

Chini, matone ya mvua hurusha udongo mwekundu hadi nusu mita ukutani. Mwaga mkanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa milimita 600 hadi 900, wenye mteremko wa milimita 25 kwa kila mita kuelekea nje. Angalia DPC, lile tabaka la kuzuia unyevu lililo chini ya ukuta, ibaki milimita 150 juu ya ardhi. Mara nyingi kabro huwekwa mwisho, kiwanja kinapandishwa, DPC inafukiwa, na unyevu unaanza kupanda huku fundi wa rangi akilaumiwa bure.

Kwenye udongo mweusi wa Kitengela au Syokimau, ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha na unaozidi milimita 3 ni tatizo la msingi wa nyumba. Ita injinia kabla ya kununua chochote cha kuufunika.

Hesabu ya mfano

Nyumba isiyo ya ghorofa yenye mzunguko wa mita 44 na kuta za mita 2.7 ina mita mraba 119. Toa 22 za milango na madirisha, zinabaki 97. Plasta ya nje itachukua mifuko 12 au 13 ya simiti ya kilo 50 na takriban tani 2.5 za mchanga. Rangi laini mikono miwili, kwa mita mraba 9 kwa lita, ni debe moja la lita 20 na kopo la lita 4, mbali na lita 11 za rangi ya msingi. Rangi ya chembechembe ni kama kilo 240. Mkanda wa Mazeras wa sentimita 60 chini ya nyumba nzima unahitaji mita mraba 29, ukihesabu asilimia 10 ya kukatwa, na mfuko wa gundi wa kilo 25 hautavuka mita mraba 3.

Ukiomba bei, iombe kwa mita mraba ikiwa kamili: vifaa, ufundi, skafoldi na usafishaji. Bei ya ufundi peke yake huficha skafoldi, ambayo kwa nyumba ya ghorofa si hela kidogo. Zuia asilimia 10 ya malipo hadi mvua kubwa ya kwanza ipite, mkubaliane hivyo kwa maandishi kabla kazi haijaanza, na uhifadhi kopo moja la rangi pamoja na mawe machache ya ziada, ukiandika namba ya toleo na jina la machimbo.