Nane tatu mkononi: miezi minne na programu ya kujifunzia poka

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Karata nimejifunza barazani kwa marehemu baba, tukicheza arobastini, na mpaka leo nikiona moyo mwekundu nasema kopa. Poka nilikuja kuijua ukubwani, kwenye simu. Sichezi kwa pesa wala sitacheza. Nacheza kwa sarafu za bure za ndani ya programu, na hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa. Sitaitaja jina, kwa sababu zipo nyingi zinazofanana nayo na ninachokisema kitamfaa anayetumia yoyote.

Niliipakua kwa jambo moja tu. Karata mbaya hazinisumbui, natupa. Karata nzuri ndizo zilizokuwa zinanitia hasara. Nikizipata sijui nipandishe dau sasa hivi au niuchune, nijifanye sina kitu, ili mwenzangu aingie mwenyewe.

Hebu ona mkono mmoja, yaani mzunguko mmoja wa mchezo, katika mwezi wangu wa kwanza na programu. Kila mtu ana karata mbili za siri, na mezani zinafunguliwa tano za wote: tatu kwanza, kisha moja, kisha ya mwisho. Mwenye tano bora ndiye mshindi. Nimepewa nane mbili, ya shupaza na ya uru. Mezani zikafunguliwa nane ya kopa, jeki ya kopa na nne ya pau. Nane tatu tayari! Kitita, yaani sarafu zilizokwisha wekwa mezani, kilikuwa 600. Nikauchuna, nikapitisha bila kuweka dau. Mwenzangu naye akapitisha. Karata iliyofuata, mbili ya kopa. Hapo akaweka dau kubwa, nikafuata kwa kutoa kiasi kilekile, ya mwisho ikaja isinifae kitu, na yeye akafunua kingi na tatu, zote kopa. Karata tano za kopa zimezipiga nane zangu tatu, na sarafu 4,200 zikaondoka.

Sasa hapa ndipo programu hii inapostahili sifa. Kila mkono ukiisha unaweza kuurudisha nyuma, karata moja moja, na pembeni ya kila mchezaji kuna namba ya nafasi yake ya kushinda. Nilirudisha ule mkono zaidi ya mara kumi. Zilipofunguliwa zile tatu za kwanza, mimi nilikuwa na 75 kati ya 100, yeye 25. Ilipoanguka mbili ya kopa, mimi nikabaki na 23. Na ile karata nilimwonyesha bure kabisa, kwa sababu sikuweka dau. Laiti ningeweka 300, angelazimika kutoa 300 kugombea 900, maana yake ili asile hasara ingebidi ashinde mara moja katika nne. Kopa za kumfaa zilizobaki zilikuwa nane, kwa sababu ile nne ya kopa ingenijalia mimi nane tatu na nne mbili, ambazo zinapiga kopa zake. Nane kati ya karata 45, hata moja ya tano haifiki. Angelipa ghali kuliko thamani. Mimi mteja akiniletea kitambaa siku mbili kabla ya Idi simfukuzi, ila analipia haraka yake. Mezani sikumlipisha mtu haraka yake.

Kitu cha pili kizuri ni kikokotoo. Unaweka karata zako na idadi ya watu, kinakupa nafasi yako ya kushinda. Nikaweka ree mbili, karata ambazo mtu huzipata kwa wastani mara moja katika mikono 221. Dhidi ya mtu mmoja zinashinda 85 kati ya 100. Dhidi ya watu watano, zinashuka hadi kama 49. Ree ni zilezile, walioongezeka ni watu. Tangu siku hiyo nikiwa na ree napandisha kabla ya chochote kufunguliwa, ili wapungue.

Kuuchuna nako kuna mahali pake, na programu inakuonyesha ukitafuta. Ukiwa na saba mbili, mezani kukawa na kingi ya pau, saba ya uru na mbili ya shupaza, mwenzako hana anachokifukuza, yaani karata anayoingojea imkamilishie mkono. Aina tatu tofauti, na namba zimeachana. Hapo ukimwachia nafasi anaweza kupata jozi, au akajaribu kukutisha kwa uongo, na humpi hatari kubwa.

Sasa lawama. Meza za wazi, anazoingia yeyote, zinafundisha vibaya, na hili linaniudhi kweli kwa sababu programu inajitangaza kuwa ni ya mafunzo. Sarafu zinagawiwa bure kila siku, basi watu wanatia zote mkono wa kwanza bila kutazama. Ukipandisha wanafuata wanne, watano, na chochote walichonacho. Unazoea kwamba ukiwa na karata kali utalipwa tu hata ufanyeje. Kuna na ile saa inayokupa sekunde 15 tu za kuamua: mtu anayejifunza anahitaji muda kuliko wengine wote, na muda ndio anaonyimwa. Matangazo ya kununua sarafu yanatokea hasa ukishapoteza mkono mkubwa. Na maelezo yote ni ya Kiingereza.

Kilichonifanya nisiifute ni meza ya faragha. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi Muscat. Ijumaa saa tatu usiku hapa, kwake saa nne, tunafungua meza yetu na jirani zake wawili. Wiki za mwanzo nilikuwa sipati kitu kwake. Nikiwa na karata nzuri anatupa mapema. Nikamuuliza kwenye simu.

"Shemeji, wewe ukinyamaza najua unazo," akaniambia. "Ukiwa huna ndiyo unapandisha."

Hilo programu haikunionyesha, na namba zake zote haziwezi kulionyesha. Nilikuwa nahesabu karata zangu na zake, sikuhesabu kwamba ananitazama. Sasa dau langu la kwanza nimelifanya moja, nusu ya kitita, niwe na nane tatu au niwe ninafukuza tu. Ijumaa iliyopita nikapata jozi mbili, kingi na tisa, kopa mbili ziko mezani. Nusu ya kitita. Akafikiri mpaka saa ikaanza kuwa nyekundu, akafuata. Karata iliyofuata haikuwa kopa. Nusu tena. Akafuata tena. Ya mwisho ikaja tatu ya pau, nikaweka nusu, akatupa, kisha akaandika: "Sikusomi siku hizi."

Nyota tatu kati ya tano. Pakua kwa ajili ya marudio, kikokotoo na meza ya faragha, zima arifa zote siku ya kwanza, na meza za wazi usiziingie.