Sony RX100 ya mwaka 2012 kwa anayejifunza kamera: uzoefu wangu

Anayetaka kujifunza kujipangia mwenyewe apecha (ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga), kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na bajeti yake ni ndogo, mimi humwelekeza kwenye kamera moja: Sony RX100 ya kwanza kabisa, ile iliyoandikwa DSC-RX100 bila namba ya Kirumi mwishoni, tena ya mtumba. Ilitoka mwaka 2012 kwa dola 650 za Marekani. Leo ndiyo ya bei ya chini katika ukoo wote wa RX100, na yale anayotakiwa kuyajua mwanafunzi iko nayo yote.

Kabla ya kuisifu, niseme kwanza cha kukwepa. Mtandaoni zimejaa kamera mpya za bei chee zinazotangazwa kuwa na megapikseli 48 au 64 na zumu mara 16. Sensa zake (kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha) ni ndogo, pikseli zimeongezwa na programu, apecha haibadiliki, na zumu yenyewe ni kukata picha na kuikuza. Hapo hujifunzi kitu. Angalia gurudumu la juu ya kamera: kama hakuna P (kamera inapanga apecha na shata), A (wewe unapanga apecha), S (wewe unapanga shata) na M (unapanga vyote) (kwa Canon utakuta Av na Tv mahali pa A na S), achana nayo hata kama imepakwa rangi nzuri.

RX100 ina sensa inayoitwa ya inchi moja, lakini hilo ni jina tu: kwa rula ni milimita 13.2 kwa 8.8. Kompakti (kamera ndogo za mfukoni) nyingi za kawaida zina sensa ya kama milimita 6.2 kwa 4.6, kwa hiyo eneo la RX100 ni kubwa mara nne. Tofauti hiyo utaiona jioni ndani ya nyumba, ISO inapofika 1600: picha ya RX100 bado inaonyesha nyusi na nywele, ya kompakti ndogo imeshakuwa uji. Megapikseli ni 20, na kamera yote pamoja na betri na kadi ni gramu 240.

Lenzi ni ya milimita 28 hadi 100 kwa hesabu ya kamera za fremu nzima (zenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24), na apecha yake ya juu kabisa ni f/1.8 hadi f/4.9; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Namba hizo mbili wauzaji huzitaja haraka haraka, na ndizo zinazowachanganya wanaoanza kuliko kitu kingine chochote. f/1.8 unaipata kwenye milimita 28 tu. Ukisogeza zumu hadi 35 tayari uko karibu na f/2.8, na ukifika 100 mwanga unaoingia umepungua zaidi ya mara saba. Chukua mfano wa sebule yenye taa ya kawaida. Ukiwa 28, ISO 400, picha inakubali kwa 1/60 ya sekunde. Vuta zumu hadi mwisho bila kugusa ISO, shata inashuka mpaka 1/8. Kitulizi kilicho ndani ya lenzi kitasaidia mkono wako usitikise picha, lakini hakimzuii mtoto anayecheza, na picha itatoka imecheza. Kurudi kwenye 1/60 unahitaji ISO 3200. Ndiyo maana nashauri ndani ya nyumba usiguse zumu kabisa: baki 28 na usogee kwa miguu. Ila usimsogelee mtu mpaka uso ujae fremu, maana kwa 28 pua itakuwa kubwa na masikio yatarudi nyuma. Piga kifua na kichwa, kisha kata baadaye; pikseli zinatosha.

Na usitegemee mandharinyuma yafifie kama kwenye picha za studio. f/1.8 ya sensa hii, kwa ufifishaji, inalingana na karibu f/4.9 ya kamera ya fremu nzima. Ua, saa au sahani ya chakula ukiisogelea kwa sentimita 5 mpaka 15 itatengana vizuri na nyuma yake. Mtu mzima aliyesimama mita mbili mbele ya ukuta hatatengana nao.

Mchana wa jua kali ndipo wengi hukwama, na kamera haina ubovu. Shata yake inaishia 1/2000. Jua la saa sita likiwaka, ISO 125, 1/2000 inakubaliana na f/4. Ukiweka f/1.8 hapo, mwanga unazidi karibu mara tano, na anga na mashati yote yanaungua. RX100 III ya 2014 ina kichujio cha ndani cha kupunguza mwanga. Hii ya kwanza haina. Mchana basi anza na A kwenye f/4 au f/5.6. Sipiti f/8 bila sababu, kwa kuwa kwenye sensa ya ukubwa huu f/11 inaanza kulainisha picha nzima.

Sasa kipimo cha mwanga, jambo ambalo maelekezo mengi ya kamera hayaligusi kwa watu wetu. Kamera hudhani kila inachokiona kina wastani wa kijivu. Mpige mzee aliyevaa kanzu nyeupe, kanzu imejaa fremu: kamera itaona mwanga umezidi, itapunguza, na utapata kanzu ya kijivu na uso mweusi usio na macho. Ongeza +1 kwenye kirekebisho cha mwanga (alama ya +/-); hiyo ni stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Mpige mama aliyevaa buibui jeusi mbele ya mlango wenye kivuli, kinyume chake kinatokea: kamera inaongeza mwanga, buibui linakuwa la kijivu na uso unang'aa kama umepakwa mafuta. Shusha kati ya -0.7 na -1. Kwa uso mweusi mbele ya ukuta mweupe au bahari, pima kwa nukta ya katikati (Spot) ukielekeza shavuni, kisha punguza kama theluthi mbili ya stopu (-0.7), maana ukiacha hivyo hivyo kamera itaugeuza uso huo kuwa wa kijivu hafifu. Bonyeza DISP mpaka uone grafu ya mwanga. Skrini haijikunji na juani hudanganya macho, grafu haidanganyi.

Ringi inayozunguka lenzi ndiyo iliyonifanya niipende kwa mafunzo. Kwenye M unaweza kuiachia ringi apecha na gurudumu la nyuma kasi ya shata, vidole viwili vikafanya kazi mbili bila kuingia kwenye menyu. Kasoro ni kwamba ringi haigongi kila hatua ili uhesabu, inateleza tu, hivyo lazima utazame skrini. Kitufe cha Fn unaweza kukijaza vitu saba. Mimi naweka ISO, aina ya upimaji, rangi nyeupe (White Balance), hali ya fokasi (namna ya kulenga picha iwe kali) na ubora wa picha, na mengine nayaacha wazi. Ukitumia fokasi ya mkono, washa alama za kingo (Peaking), na kamera itapaka rangi mahali palipo kwenye fokasi.

Flashi yake ndogo ina siri nzuri: shata iko ndani ya lenzi, hivyo inakwenda na flashi hata kwenye kasi za juu sana. Mchana wa saa sita, mtu amevaa kofia na macho yamezama kivulini, msogelee mita moja na nusu, f/4, 1/2000, washa flashi, na macho yatafunguka. Ndani ya chumba chenye dari jeupe la chini, irudishe flashi nyuma kwa kidole ielekee darini, panda ISO 800, na mwanga utashuka laini badala ya kumpiga mtu usoni. Usiisukume kwa nguvu, kishikio chake ni chembamba.

Piga RAW (faili ghafi la kuhariri baadaye) pamoja na JPEG (picha iliyo tayari) tangu siku ya kwanza. RAW moja inakula kama MB 20, kwa hiyo memori kadi ya GB 32 inatosha kuanzia. darktable na RawTherapee ni programu za kuhariri RAW kwenye kompyuta, ni za bure na zinafungua mafaili yake ya ARW.

Kwenye ununuzi, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwa kuagiza, lugha ya menyu ndiyo ya kwanza kukagua. RX100 zilizouzwa Japani zina Kijapani peke yake na hakuna pa kubadilisha. Halafu izime na kuiwasha mara kadhaa. Lenzi lazima itoke bila kusita na vifuniko vyake vifunguke sawasawa. Ikitoa mlio wa kusaga au ujumbe wa kukuambia uzime uwashe tena, mrudishie mwenyewe, kwa kuwa kubadilisha lenzi kunaweza kumaliza bei yote ya kamera. Weka A, f/11, piga karatasi nyeupe au anga tupu, kisha kuza picha kwenye skrini. Madoa meusi ya mviringo yanayokaa palepale kwenye kila picha ni vumbi lililofika kwenye sensa: lenzi hii inayoingia na kutoka huvuta hewa, na vumbi hulitoi mpaka kamera ifunguliwe. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kwa pembeni. Nyuzi nyembamba kama utando ni fangasi.

Betri ni NP-BX1, na inatumika kwenye kamera nyingi za Sony, hivyo hutaikosa. Iliyovimba hugoma kutoka, kwa hiyo itoe na uirudishe mbele ya muuzaji. Kamera huchajiwa kwa waya wa micro-USB. Nunua na chaja ya pembeni ili betri moja ijae wakati nyingine inafanya kazi. Mwili wake ni laini na hauna pa kushika, mkanda wa mkononi ni wa lazima.

Hela isipofika, Canon PowerShot S95 ya 2010 inashika nafasi ya pili kwangu: megapikseli 10, lenzi 28 hadi 105, f/2.0 hadi f/4.9, RAW ipo, na ringi yake inagonga kila hatua hivyo unahesabu bila kutazama. Sensa ni ndogo kuliko ya RX100 na video inaishia 720p. S100 iliyoifuata mwaka 2011 ijaribu lenzi kwa makini zaidi, kwa sababu Canon wenyewe walitoa tangazo la hitilafu ya lenzi kwa baadhi ya zilizotengenezwa.

Kwa wanaokaa Pwani: usiiache ndani ya mfuko wake wa ngozi kabatini. Weka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na paketi za silika jeli, na paketi hizo zikaushwe au zibadilishwe zikishanyonya unyevu.