Fundi wa Nyakato aliyelirudishia tangi la Impreza yangu pumzi

Nilitaka kuandika haya tangu mwezi uliopita, nikasema ngoja kwanza gari lifike Bunda na kurudi bila kunisimamisha njiani. Limefika mara tatu. Sasa naandika.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1996, gia za mkono, injini ya EJ20 yenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na gari hili nimelinunua kwa akiba ya miaka minne. Halijawahi kubeba dagaa hata kilo moja. Nilipokuwa mdogo kaka yangu alibandika ukutani picha ya Impreza ya bluu ya Colin McRae, yule aliyeshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997, na tangu siku hizo sikuwahi kutamani gari lingine. Mtu akiligusa vibaya, naumia.

Na liliguswa vibaya. Mwaka jana lilianza kunuka petroli ndani, hasa nikiwasha feni. Mwanangu wa mwisho akawa analalamika kichwa kila nikimpeleka shule. Nililipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, simtaji, akakaa nalo saa moja tu, harufu ikaisha. Nikamlipa na kumshukuru. Hapo hapo nikanunua na mfuniko mpya wa tangi, wa bei rahisi, maana ule wa zamani mpira wake ulikuwa umepasuka.

Wiki mbili baadaye tabu ikaanza. Natoka Mwanza vizuri, napita Igoma, napita Kisesa, gari linavuta. Nikiitafuta Magu linaanza kukohoa. Nikikanyaga mafuta linagoma. Naegesha pembeni, nakaa robo saa na zaidi, nikiwasha linakwenda tena, kwa unyonge, halafu linarudia yale yale. Nikabadilisha pampu ya mafuta, nikabadilisha filta na plagi zote nne. Pampu mpya nayo ikaanza kulia, mlio mwembamba unaoupata vizuri ukikaa kiti cha nyuma. Zaidi ya laki nne zilikwenda hivyo, na gari ni lile lile.

Mteja wangu mmoja anayesafirisha mzigo kwenda Musoma ndiye aliyenielekeza kwa mzee huyu. Gereji yake haina bango. Ni uwanja wa vumbi Nyakato, upande wa viwandani, wenye mwembe mmoja na benchi moja. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kushika hata spana. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: "Likigoma, mwanangu, ukifungua mfuniko wa mafuta unasikia nini?"

Sikuwahi kuufungua. Tukatoka wote, mimi naendesha, yeye pembeni, madirisha wazi. Tulipofika karibu na Nyanguge likaanza kukohoa. Akasema simama, zima, uzungushe mfuniko pole pole. Nilipouzungusha tu, tangi likavuta: fyuuuuu, ndefu, kama mtu aliyezama ziwani akaibuka. Nilisogeza kiganja kwenye mdomo wa tangi nikahisi hewa ikiingia ndani kwa nguvu. Tukafunga, nikawasha, nikakanyaga. Likaondoka kama siku niliyolinunua. Nilitokwa na machozi pale barabarani, sioni aibu kusema.

Maelezo yake nayaweka hapa kwa sababu wenye magari ya zamani ya turbo tuko wengi Mwanza. Petroli ikitoka tangini, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi linabaki linanyonya, pampu inavutana nalo, na mafuta yanayofika kwenye injini yanapungua. Kwenye gari la kawaida utaona uvivu tu. Kwenye turbo ni hatari: hewa inasukumwa ile ile huku petroli imepungua, moto ndani ya silinda unakuwa mkali kupita kiasi, na pistoni zinaweza kuvunjika. Jua likiwa kali gari limesimama, mambo yanageuka: mvuke unajaa ndani na unatafuta pa kutokea. Kwa hiyo tangi linahitaji njia ya kuingiza na ya kutoa, na ule mvuke hautakiwi kumwagwa hovyo. Unapita kwenye mpira hadi kwenye kopo lenye mkaa, mkaa unaushika, na injini ikishapata moto inauvuta na kuuchoma.

Kwenye gari langu kopo hilo liko chumba cha injini. Mzee alifuatisha mpira kwa vidole mpaka mwisho wake, akalegeza klipu, akatoa boliti namba kumi. Boliti! Yule wa mjini alikuwa ameziba njia ya mvuke kwa boliti ili harufu iishe. Na ule mfuniko wangu wa bei rahisi haukuwa na valvu. Mfuniko halisi una kivalvu kidogo cha kuingiza hewa tangi likinyonya. Akanionyesha, akibonyeza cha mfuniko mwingine kwa ncha ya penseli, kinazama na kurudi. Wangu ulikuwa plastiki tupu.

Lakini hakuishia hapo, na hii ndiyo sababu namsifia. Alitaka kujua harufu ilitoka wapi tangu mwanzo. Akaligeuza kopo, akatazama tundu la chini linaloingiza hewa safi, akachokoa kwa waya. Likadondoka tonge la udongo mkavu lenye tundu tundu. Nyigu. Gari lilikuwa limekaa miezi mitatu chini ya mti kabla sijalinunua, nyigu wakajenga humo. Injini ilikuwa inavuta mvuke lakini hewa ya kuusafisha mkaa haiingii, mkaa ukalowa petroli, kopo likaanza kunuka, na feni ikaingiza harufu ndani. Mimi nami nilikuwa naongeza tatizo, maana sheli nilikuwa nawaachia wahudumu waendelee kuongezea baada ya bomba kukata, ili shilingi zifike namba kamili. Petroli yenyewe inaweza kupanda hadi kwenye kopo, na mkaa umetengenezwa kushika mvuke, siyo maji ya petroli. Sasa bomba likikata mara moja nasema basi.

Kazi ilifanyika nje, betri imefunguliwa, mtungi wa kuzimia moto uko karibu, na kijana aliyekuja na sigara alifukuzwa hadi barabarani. Mzee hakutumia kompresa kupuliza njia za tangi. Alisema presha ile inaweza kuharibu valvu. Alitumia pampu ya baiskeli, ncha ya pili ya mpira akaichovya kwenye ndoo ya maji, nikahesabu mapovu mwenyewe. Valvu inayofunga gari likipinduka aliitoa akaitikisa sikioni mwangu nisikie gololi ikicheza ndani, akaisimamisha wima, akapuliza, hewa ikapita, akaipindua, ikafunga. Valvu nyingine, ya kuzuia upepo wa turbo usirudi kwenye kopo na tangi, akaipuliza pande zote mbili: upande mmoja inapitisha, mwingine inakataa. Mipira ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka, akaweka mipya ya mafuta. Nilimwonyesha mpira wa maji nilioukuta dukani kwa bei ndogo, akaurudisha mkononi mwangu: petroli itaulainisha mpaka uachie. Tundu la hewa la kopo akaliwekea wavu mwembamba.

Gharama: ufundi 70,000, kopo la mtumba lililo zima 45,000, mipira na klipu 22,000, mfuniko halisi wa mtumba 25,000. Jumla 162,000.

Yasiyonipendeza yapo. Aliniambia siku moja, zikawa tatu, na hakupiga simu kunijulisha. Nilimkuta Jumanne anasubiri kopo na mimi nimeshapanga safari. Hapokei malipo ya simu, lazima uende na taslimu. Hakuandika popote alichokifanya, nimeandika mwenyewe kwenye daftari la gari. Na ukitaka kusubiri, kivuli ni kile cha mwembe tu, mvua ikinyesha huna pa kujificha.

Ila nikimlinganisha na wote waliopita, huyu ndiye pekee aliyeanza kwa kuuliza na kusikiliza tangi. Gari halinuki. Pampu imenyamaza. Wiki iliyopita nilitoka Isamilo alfajiri, nikapita Lamadi jua linachomoza upande wa Serengeti, nikafika Bunda bila kusimama popote, na nilipofungua mfuniko sheli, tangi halikunyonya wala kutema.

Ukienda kwake, nenda asubuhi, na mafuta yawe robo tangi au chini yake. Ukifika na tangi limejaa atakurudisha ukaendeshe kwanza.