Uzoefu wangu na Emmet: sifa zake wengi wanazitafuta pasipo pake

Ninatengeneza na kutunza tovuti za biashara ndogo hapa Dar es Salaam, na kazi nyingi ninazipata zikiwa zimeshaanzwa na mtu mwingine. Mwaka jana nilikabidhiwa ukurasa wa duka la vifaa vya ujenzi lililopo Gerezani, Kariakoo, faili moja ya HTML (lugha ya kuundia kurasa za wavuti) yenye mistari zaidi ya 2,000, ambayo mwandishi wake hakuwa na desturi ya kusogeza mistari ndani wala kuacha maelezo popote. Faili hiyo ndiyo iliyonifanya niijue Emmet vizuri, ingawa nilikuwa nimeitumia kijuujuu kwa miaka kadhaa.

Kwa asiyeifahamu, Emmet ni programu jalizi inayokaa ndani ya programu ya kuandikia msimbo na kukusaidia kuandika HTML, pamoja na CSS inayopamba mwonekano wa ukurasa, kwa vifupisho. Ilianza ikiitwa Zen Coding na mtunzi wake mkuu ni Sergey Chikuyonok. Jina la sasa ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya sisimizi. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Anayetumia Visual Studio Code, mojawapo ya programu hizo za kuandikia msimbo, hana haja ya kuipakua, kwa sababu imo tayari, na kwa kuwa haihitaji intaneti kufanya kazi haigusi bando hata kidogo. Kwenye nyingine kama Sublime Text na Vim huwekwa kando.

Wengi huisifu kwa vifupisho vyake, na ni kweli vinapendeza. Ukiandika ul>li*5>a kisha ukabonyeza Tab, unapata orodha yenye vipengele vitano, kila kimoja na kiungo chake ndani, na kishale kikiwa kinakusubiri mahali pa kujaza anwani. Alama ya mshangao peke yake huleta mifupa yote ya ukurasa mpya. Hata hivyo, kwa maoni yangu sehemu hii imesifiwa kupita kiasi. Nimewaona vijana wakitunga kifupisho kirefu kama mkufu, chenye mabano, alama za kupandia na za kushukia, halafu wakakaa dakika nzima wakitafuta walipokosea, ilhali wangekiandika vipande viwili wangekuwa wameshamaliza. Mimi sizidishi ngazi tatu kwa mara moja.

Kuna jambo dogo hapa ambalo sisi tunaoandika kurasa za Kiswahili tunalisahau. Mifupa ile ya alama ya mshangao hutangaza kwamba lugha ya ukurasa ni en, yaani Kiingereza, na programu zinazowasomea wasioona hulitegemea tangazo hilo kuchagua matamshi. Katika mipangilio ya Visual Studio Code kuna kipengele kinachoitwa emmet.variables, na ukiweka humo lang kuwa sw, kila ukurasa mpya utazaliwa ukiwa wa Kiswahili. Ni kazi ya dakika moja, nami nilichelewa kuifanya kwa miaka.

Sasa nirudi kwenye faili la Gerezani. Tatizo lililonipeleka huko ni kwamba sehemu ya chini ya ukurasa, yenye simu na ramani ya duka, ilikuwa imejibana ndani ya safu ya bidhaa badala ya kutandaa upana wote. Nilipoangalia mwisho wa faili nilikuta </div> tisa, yaani tagi (alama za HTML) za kufunga visanduku vya ukurasa, zimepangana kama matofali, bila chochote cha kuonyesha ipi inafunga nini. Hapo ndipo amri za Emmet za kutembea ndani ya faili zilipoonyesha thamani yake. Amri ya Go to Matching Pair hukutoa kwenye tagi ya kufunga na kukupeleka moja kwa moja kwenye tagi iliyoifungua, kwa hiyo nilisimama juu ya kila moja kati ya zile tisa na kuiuliza ilikotoka. Ya nne ilinirusha mpaka katikati ya faili, kwenye kadi ya bidhaa ya misumari, ambayo kwa hakika ilipaswa kuwa imefungwa mistari kumi tu chini yake. Mtu alisahau kufunga kadi moja, na kila kilichofuata kikawa kinaishi ndani ya misumari.

Amri nyingine ninayoitumia kutwa ni Balance Outward. Unaweka kishale popote, unabonyeza, nayo inachagua kilichomo ndani ya tagi uliyopo. Ukibonyeza tena inachukua na tagi yenyewe. Ukiendelea inapanda kwa mzazi, kisha babu. Kuhamisha kadi nzima kutoka safu moja kwenda nyingine bila kuacha kipande nyuma imekuwa kazi ya vibonyezo vitatu au vinne. Baada ya tukio la misumari nilijizoesha pia kumalizia vifupisho vyangu kwa |c, ambayo huweka maelezo karibu na tagi ya kufunga yenye kitambulisho au klasi (majina ambayo mwandishi huipa tagi), ili atakayenirithi asije akahesabu matofali kama mimi.

Amri ya tatu ni ya kufunika maandishi kwa kifupisho, na hii imenipa raha na aibu kwa pamoja. Mwenye duka hunitumia bei mpya kwa WhatsApp, mstari mmoja kwa bidhaa moja, nyingi zikiwa na namba za mpangilio mbele. Ninabandika orodha kwenye faili, ninaichagua yote, ninaita Wrap with Abbreviation na kuandika ul>li*|t. Nyota isiyo na namba humaanisha kila mstari upate kipengele chake, na ile t huondoa namba na vistari vya mwanzoni. Orodha ya mistari arobaini hukamilika kabla chai haijapoa.

Siku moja mzee alituma orodha ambayo mistari ya mwisho hakuipa namba za mpangilio. Aliandika tu „12mm nondo”, na chini yake „10mm nondo”, kila moja na bei yake. Emmet haina namna ya kujua kwamba 12 ile ni unene wa chuma wala si namba ya mstari, basi ikaifuta, na ukurasa ukatoka na bidhaa mbili zinazoitwa „mm nondo” kwa bei mbili tofauti. Mzee alinipigia jioni.

„Mwanangu, nondo zangu umezikata unene?”

Nilimwomba radhi na kurekebisha palepale. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu unapoandika kifupisho hicho programu hukuonyesha matokeo kabla hujathibitisha, nami sikuyasoma. Siku hizi ninaiondoa t kila ninapoona mstari unaoanza na kipimo.

Lawama yangu ya kweli ni moja. Katika Visual Studio Code, amri hizi zote nilizozitaja haziji na vitufe vyake. Zimefichwa kwenye orodha ya amri, na asiyejua majina yake hatazikuta kamwe. Ilinibidi niingie kwenye mipangilio ya kibodi na kuzigawia vitufe moja baada ya nyingine. Nadhani ndiyo sababu watu wengi huishia kwenye vifupisho wakidhani hiyo ndiyo Emmet yote. Vilevile, ukiwasha chaguo la kupanua kifupisho kwa Tab, neno lolote la kawaida linaweza kugeuzwa tagi. Nimewahi kupata <saruji></saruji> katikati ya aya, nikalizima chaguo hilo na kubaki na orodha ya mapendekezo.

Anayefanya kazi kwenye violezo vya Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python, atahitaji pia kuiambia Emmet, kupitia emmet.includeLanguages, kwamba django-html ichukuliwe kama html. Mimi sikuhitaji zaidi ya hapo, na vitufe nilivyovigawa vimebaki vinne: kurukia tagi mwenza, kupanua uteuzi, kufunika kwa kifupisho, na kuondoa tagi bila kugusa kilichomo ndani yake.