Soksi nyekundu na lesi iliyochanika: hadithi fupi za Emilia Pardo Bazán

Anayeuliza aanzie wapi kumsoma Emilia Pardo Bazán, mwandishi wa Uhispania, mara nyingi huelekezwa kwenye Los pazos de Ulloa, riwaya yake ya 1886. Riwaya ni nzuri, ila ni nene na inadai subira. Ufundi wake hasa uko katika hadithi fupi. Aliandika zaidi ya 500, nyingi zikatoka kwanza magazetini na majaridani, na gazeti lina kipimo chake: safu zikijaa, hadithi imekwisha. Kwa kubanwa hivyo alizoea kupunguza maelezo na kukitwika kitu kimoja, aghalabu vazi au chombo cha nyumbani, uzito wote wa kisa. Usipokishika kitu hicho mapema, hadithi itakupita.

Alizaliwa A Coruña, Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, mwaka 1851, akafariki Madrid 1921. Katika hadithi zake mji huo wa kuzaliwa aliubatiza Marineda, na visa vingi vinatokea huko au katika vijiji vya jirani. Mnamo 1882 na 1883 alitoa makala za La cuestión palpitante kuhusu mwandishi Mfaransa Émile Zola na unaturalisti, yaani uandishi wa kuyachunguza maisha bila kuyapamba, zikazua zogo, maana mwandishi alikuwa mwanamke, tena Mkatoliki. Kwa Zola alichukua jicho la kutazama umaskini, mwili na kazi. Alichokataa ni fikra kwamba binadamu ameshafungwa na damu yake na mazingira, hana hiari. Kwa hiyo wahusika wake huchagua, kisha hugongana na sheria, uhitaji au ngumi.

Anza na "Las medias rojas" ya 1914. Ni kurasa chache tu. Binti, Ildara, anaingia na mzigo wa kuni na kuanza kupika mchuzi wa viazi na maharage ambayo hata hayakulowekwa, huku baba yake, Clodio, akijisokotea sigara. (Msimulizi humwita Clodio "tío", mwito wa mzee wa kijijini. Aliyejifunza Kihispania darasani anaweza kumdhania mjomba, na hapo kisa chote kinaharibika.) Baba anaona rangi kali miguuni mwa binti: amevaa soksi ndefu nyekundu. Anataka kujua pesa zimetoka wapi. Binti anajibu kwamba alimuuzia padri mayai.

Usiharakishe hapo. Baadaye kidogo tunaelezwa kwamba soksi zimetokana na duro 5 (sarafu za Kihispania), arbuni aliyopewa na wakala wa kusafirisha watu ng'ambo. Enzi hizo Wagalicia kwa maelfu walikuwa wakihamia Argentina na Kuba. Ildara ametimiza umri wa utu uzima, kwa hiyo baba hana tena mamlaka ya kisheria ya kumzuia. Anamzuia kwa kipigo. Binti analindia uso wake kwa mikono, kwa kuwa anajua uso ndio mtaji. Hata hivyo jino linang'oka, na baadaye daktari anasema retina imebanduka. Amekuwa chongo. Meli haitamchukua kamwe, sababu waendao huko sharti wawe wazima, na wanawake wawe na macho ya kung'aa na meno kamili.

Sentensi hiyo ya mwisho ina ubaridi wa karani wa bandari, na ndani yake kuna swali ambalo mwandishi halitamki: ni kazi gani hiyo ya ng'ambo inayokagua meno ya msichana? Asiyejiuliza hivyo atatoka na kisa cha baba katili tu. Anayejiuliza ataona kwamba binti alibanwa pande mbili, na kwamba baba na wakala walikuwa wakigombea mali moja. Hii ndiyo hadithi yake bora kuliko zote, kwa maoni yetu.

"El indulto", ya 1883, ni ndefu zaidi na inasomwa kwa namna nyingine. Antonia ni dobi wa Marineda. Mumewe alimuua mama yake Antonia ili amwibie akiba, akafungwa miaka 20, na ameahidi kwamba siku atakayotoka atamwua mkewe aliyetoa ushahidi. Taharuki yote inajengwa kwa habari za serikali: kila uvumi wa msamaha wa mfalme unapofika kwenye mabirika ya kufulia, Antonia anaugua. Majirani wanamsaidia kuulizia sheria, na jibu ni kwamba mume akiachiwa ana haki ya kurudi nyumbani, na mke lazima aishi naye. Kutengana kunataka kesi na ushahidi mpya. Sehemu hiyo ya ushauri wa kisheria huonekana kavu, na msomaji mwenye haraka huiruka. Asiiruke. Bila hiyo, mwisho unakuwa kioja.

Maana mwisho wenyewe umelalamikiwa. Mume anarudi, anakula, anamwamuru mkewe waende kulala. Asubuhi Antonia anakutwa hoi kitandani. Daktari anamtoboa mshipa, damu haitoki hata tone, na baada ya saa 24 anafariki bila jeraha lolote mwilini. Kitabibu, ni vigumu kukubali. Lakini mtoto anasimulia kwamba yule mwanamume alipoamka alimwita mama mara nyingi, na alipoona haitikii alitoka mbio kama mwendawazimu. Hakumgusa. Hofu ilitosha, na hofu hiyo ilipigwa muhuri na dola. Mwandishi amekiuka uhalisia wa mwili ili atimize uhalisia wa sheria. Tunadhani biashara hiyo ilimlipa.

Udhaifu wake unaanza kuonekana ukisoma nyingi kwa mfululizo. "El encaje roto" ya 1897 inamwonyesha Micaelita akijibu "hapana" madhabahuni, na miaka 3 baadaye akimweleza msimulizi sababu yake kwenye hoteli ya maji ya tiba: lesi ya thamani, zawadi ya bwana harusi, ilinasa mlangoni ikachanika, na kwa nukta moja akauona uso wa kweli wa mwanamume huyo. Imesukwa vizuri ajabu. "Feminista" ya 1909 inatumia tena maji ya tiba na wanandoa wanaochunguzwa na msimulizi: mwanzoni mwa ndoa mume alimvalisha mkewe suruali yake kumwonyesha kwamba hataivaa tena; uzeeni, mume akiwa mgonjwa, ni mke anayemvalisha sketi ya ndani kila asubuhi. Kinaya hicho ni cha kuchekesha, bali hila ni ileile. Kuna pia "El revólver" ya 1895, ambamo mke anaishi miaka akiogopa bastola ambayo, inabainika, haikuwa na risasi. Ukifika hapo umeshaanza kunusa mwisho kabla haujafika. Soma mbili kwa mkao mmoja, zisizidi, na usiziweke hizi tatu siku moja.

"Un destripador de antaño" ya 1890 itamgusa kwa namna yake msomaji aliyekua akitishwa na habari za mumiani. Wanakijiji wanaamini kwamba mwuza dawa mmoja wa Santiago de Compostela hutengeneza malhamu kwa mafuta ya wasichana bikira, na mama mlezi wa Minia, binti yatima, anaamua kuifanya imani hiyo biashara. Mwuza dawa mwenyewe hana hatia, ila aliacha uvumi uendelee kwa kuwa ulimletea heshima na wateja. Hapo mwandishi ni mkali kwa msomi kuliko kwa wajinga. Pamoja na hayo, mwanamke huyu wa tabaka la juu, aliyetunukiwa rasmi cheo cha kikabaila cha kontesa mwaka 1908, mara nyingine huwachora wakulima kama mifugo tu, na hilo linaudhi.

Kuzipata si tatizo. Miliki ya maandishi yake imeisha, na maktaba ya mtandaoni ya Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes imeweka nyingi bure kwa Kihispania. Mwenye kutaka zote atafute Cuentos completos ya juzuu 4, iliyohaririwa na Juan Paredes Núñez na kuchapishwa La Coruña 1990. Hiyo ni ya maktaba zaidi kuliko ya mfukoni. Kwa mwanafunzi wa lugha, uteuzi uliotolewa na MLA (chama cha Marekani cha wasomi wa lugha na fasihi) mwaka 1996 una faida: El encaje roto y otros cuentos kwa Kihispania, na pacha wake wa Kiingereza, Torn Lace and Other Stories, kwa hiyo unaweza kuviweka sambamba. Tafsiri ina hasara moja isiyoepukika: wakulima wake huchanganya Kigalicia katika maneno yao, na ladha hiyo haivuki. Visa vya Krismasi alivyoagizwa na magazeti virukwe bila majuto, hasa vile ambavyo maskini hupata muujiza ukurasa wa mwisho.