Meloksikamu kwa mbwa mwenye baridi yabisi: uzoefu wangu baada ya unga wa vimeng'enya

Mbwa wangu ana miaka 11 na baridi yabisi imemshika nyonga zote mbili. Kabla ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, nilimchanganyia kwenye chakula, kwa wiki sita mfululizo, unga wa vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini) wenye bromelaini ya shina la nanasi na papaini ya papai. Aliula bila tabu, lakini kila asubuhi aliendelea kujikokota, akitanguliza miguu ya mbele na kuyumba kabla ya kupiga hatua ya kwanza, na kumtazama kuliniuma sana.

Daktari alinifafanulia kwamba katika kiungo kilichougua, baadhi ya vimeng'enya vya mwili wenyewe ndivyo vinavyoharibu. Kolajenasi hukata nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, agrikanasi humega agrikani, ambayo huiwezesha gegedu kushika maji na kuhimili uzito, na kimeng'enya kiitwacho COX-2 hutengeneza prostaglandini zinazochochea uvimbe na maumivu. Bromelaini na papaini nazo ni protini, kwa hiyo zinaweza kumeng'enywa tumboni kabla ya kufika popote.

Meloksikamu ya maji, dawa ya maumivu na uvimbe aliyoandikiwa na daktari, huzuia COX-2. Tulianza na miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza, kisha 0.1 mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Siku ya tano alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi kadhaa. Gegedu iliyolika hairudishwi na dawa hii. Inachopunguza ni maumivu na uvimbe.

Kasoro yake ni kwamba huigusa pia COX-1, inayosaidia kulinda utando wa tumbo. Wiki ya tatu aliharisha, nikasimamisha dawa siku hiyohiyo na kumpigia daktari, ambaye baadaye aliirudisha kwa kipimo kidogo zaidi. Damu yake hupimwa ili kuangalia figo na ini, na hapo pia hutazamwa kimeng'enya, ALT, ambacho hupanda katika damu seli za ini zinapoumia. Nawasihi wenye mbwa wasiwape ibuprofeni ya binadamu, kwa kuwa ni sumu kwao.

Tangu hapo amepungua kilo tatu kwa ushauri wa daktari, na sasa huinuka mara moja anaponisikia nikichukua mkanda wake wa matembezi.