Waipa za Datsun 240Z: fundi wa Unga Ltd, Arusha, aliyekataa kuniuzia mota

Mwezi wa tatu, Jumamosi, nimembeba bibi harusi kutoka Majengo, Moshi, kumpeleka kanisani. Mvua ikashuka ile ya masika yenyewe. Nikawasha waipa. Zikapanda taratibu kama bibi kizee mwenye mzigo wa kuni, zikafika katikati ya kioo, zikagoma. Mtoto wa watu akaniuliza, "Mama, unaona mbele kweli?" Nikamwambia naona, kumbe nilichokuwa nakiona ni taa nyekundu za Noah ya wasimamizi tu. Tulienda mwendo wa kinyonga mpaka kanisani, kioo cha pembeni nimekishusha, gele limeloa lote.

Gari ni Datsun 240Z, rangi ya chungwa iliyochujuka, la marehemu mjomba. Viti viwili tu, kwa hiyo bwana harusi hupanda gari jingine, na kila msimu kuna mama mkwe anayelalamikia hilo. Mjomba alilinunua kwa sababu moja. Enzi zile mashindano ya magari ya Safari Rally yalikuwa yanafika mpaka huku Tanzania, na 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Ukimwamkia mjomba, kabla hajasema marahaba keshakutajia Mehta. Hakuwahi kututajia kwamba waipa za magari haya ni nzito tangu zikiwa changa, sembuse baada ya miaka hamsini.

Kabla ya kwenda Arusha nilishaliwa hela hapahapa nyumbani. Fundi mmoja, simtaji, aliniuzia mota "mpya" kwa 120,000, akaifunga kwa nusu saa, akaondoka. Waipa zikabaki vilevile. Wiki ya pili nikaanza kusikia harufu ya waya unaoungua kwenye dashibodi.

Ndipo binti anayenishonea mapazia dukani akanielekeza kwa huyu wa Unga Ltd. Bango hana. Kibanda cha mabati, nje kuna rimu ya lori iliyopakwa chokaa, na stata zimepangwa chini kama viazi vya mnadani. Kijana wa miaka thelathini hivi. "Shikamoo mama." Marahaba. Nikamwambia nataka mota ya Honda Civic, maana mpwa wangu kasoma kwamba wenye 240Z huko duniani wanafunga hiyo, ina nguvu zaidi. Akasema ni kweli, inaingia, ila waya zinabidi zipangwe upya na sehemu ya kuishikia itengenezwe. Halafu akamwambia dogo wake alete ndoo ya maji.

Maji ya nini? Akamwagia kioo. Waipa ukizijaribu kioo kikiwa kikavu, raba inakwaruza, mota inabeba mzigo usio wake, na wewe unapima uongo. Fundi wa kwanza alijaribu kwenye jua la saa sita.

Akashika mita. Kwenye betri, volti 12.4. Akahamia kwenye plagi ya mota huku waipa zikitembea, volti 9.1. Akanigeuzia mita niisome mwenyewe. "Mama, volti tatu na kitu zinaliwa njiani. Hata nikikufungia mota ya meli, itakula nini?"

Hapo ndipo nilipompenda. Maelezo yake: umeme wote wa mota unapita kwenye swichi ya pale usukanini, na swichi ya zamani kopa zake, vile vipande vinavyogusana kupitisha umeme, zimeshapauka, waya nazo zimechoka, plagi zina kutu ya kijani. Umeme ukibanwa hapo panapata moto. Ile harufu yangu ndiyo hiyo. Mota nayo ikipata volti pungufu inazunguka pole na nguvu inaisha.

Kisha akaachanisha mota na zile fito zinazosukuma waipa, akaiwasha peke yake. Ikazunguka vizuri tu. Akanipa mkono wa waipa niuzungushe kwa vidole. Haukwenda. Bushi zake, pale mkono unapozungukia, zilikuwa na grisi ya enzi za mjomba, imekauka imekuwa kama gundi ya viatu. Dogo alishinda nazo asubuhi nzima kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, akazipaka grisi mpya, mpaka mkono ukawa unaanguka wenyewe ukiuachia.

Mota ya asili ya mjomba nilikuwa nimeihifadhi kwenye ndoo ya rangi. Akaifungua. Kaboni, zile zinazopeleka umeme ndani ya mota, zimelika zimebaki vipande kama vya penseli ya mtoto wa chekechea, na ile shaba inayoguswa na kaboni imekuwa nyeusi. Akaisugua kwa msasa laini, akachokoa uchafu kwenye mifereji yake kwa msumari mwembamba, akachukua kaboni za drili akazipiga tupa mpaka zikaingia kwenye nyumba zake bila kubana. Zikibana, springi haizisukumi. Gia ilikuwa nzima. Akaniambia nirudishe hii, ile ya 120,000 nikae nayo akiba. Mwingine angeshaniuzia Honda.

Mwisho akafunga rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya ile ya usukanini, na waya mpya nene kutoka betri, na fyuzi yake. Swichi sasa inaamsha rilei tu, mzigo wa mota haupiti tena huko. Akapima: volti 11.8.

Sasa malalamiko, na ninayo. Aliniambia gari litakuwa tayari saa kumi jioni. Nililala Kijenge kwa shangazi siku mbili, nimefunga duka. Pa kukaa ni tairi, choo ni cha jirani na funguo inatafutwa. Risiti hakuna mpaka udai, nayo imeandikwa nyuma ya boksi la balbu. Gaskiti ya mota ilipotea mikononi mwa dogo, wakaweka silikoni. Haivuji, lakini gaskiti ilikuwa yangu.

Na siku ya kwanza ya kukabidhiwa, nikizima swichi waipa zinasimama popote zilipo, hata katikati ya macho yangu. Ndani ya mota kuna kisahani cha shaba kinachozunguka na gia, kina pengo. Ukizima, umeme unaendelea kuja kwa njia ya pili kupitia kisahani hicho mpaka pengo lifike, ndipo mota inasimama waipa zikiwa zimelala. Dogo alikuwa amegeuza waya mbili kwenye rilei, njia ile ya pili ikafa. Fundi alirekebisha papo hapo bila kuongeza hela, na dogo alisemwa kwa Kichagga, lugha ninayoielewa, kwa hiyo siandiki aliambiwa nini.

Nililipa 95,000 yote: usafi na kaboni 40,000, rilei na waya 35,000, kazi ya fito 20,000.

Kurudi Moshi mvua ilinipokea Tengeru, ikanisindikiza mpaka Kikatiti. Nilihesabu kwa saa ya mkononi niliposimama pembeni: kabla zilikuwa zinapiga mara 22 kwa dakika zikiwa kwenye mwendo mdogo, sasa 43. Upande wa abiria bado zinaacha mstari wa maji, ila hiyo ni raba, sijanunua.

Nampa nne kati ya tano. Ukienda, nenda mapema na ubebe chai yako. Jumamosi hafungui, ni Msabato, kwa hiyo waipa zikikufia siku ya harusi, shusha kioo cha pembeni.